Tuna Salio

Ujumbe uliingia wakati simu iko mkononi mwa mama, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa siku ile nyumba nzima ilidhani yameanza kunyooka.

Simu haikuwa yake. Yake ilikuwa imepasuka kioo, mtu akiiweka sikioni anahofia kujichanja, ndiyo maana aliazima ya bintiye ampigie mteja aliyeahidi kuja asubuhi na mpaka saa hiyo hajatia mguu. Chumba cha mbele, ambacho ndicho saluni, ndicho sebule, na taa zikizimwa ndicho chumba cha shangazi, kilikuwa kimejaa kama kawaida yake. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona mwizi. Mama Mitumba alikuwa amekalia robota lake la nguo kuukuu. Hasuki wala hasukwi, amekuja kupumzisha miguu na kuchokonoa habari. Shangazi alikuwa dirishani, kwenye kiti chake, akiwapitia wapita njia mmoja mmoja na makosa yao.

Mama alisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha, akaisogeza tena.

"Salio la kadi yako ni," alisoma. "Moja, nane, sita, halafu masufuri. Mwalimu, hebu nihesabie hayo masufuri, yasije yakanidanganya."

Mwalimu aliitazama simu bila kugeuza shingo, maana kitana kilikuwa bado kimechomekwa kichwani mwake. "Milioni moja, laki nane na elfu sitini," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyeona mshahara wake umekaa uchi mbele za watu, "Na wanamshukuru kwa kuendelea kuwa nao."

Binti aliingia kutoka uani na kapu la nguo mbichi, akakuta macho yote yako mlangoni. Nyumbani walimwita Mhasibu, kwa kuwa alikuwa mwaka wa pili chuoni akisomea hesabu za fedha, na kwa kuwa tangu utotoni ndiye aliyekuwa akitunza chenji ya kila mtu. Aliiona simu. Aliuona uso wa mama. Neno moja tu lingetosha, nalo alikuwa nalo mdomoni. Lakini Mama Mitumba akawahi.

"Kumbe tunakanyagana na matajiri humu ndani, wanajifanya kufua kwa mikono."

Watu wakacheka, na Mhasibu naye akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza.

Maana salio ni neno ambalo kila mwenye simu analijua. Ni vocha iliyobaki, ni umeme uliobaki, ni chako ambacho hujakitumia. Lakini kadi ile ya mkopo ilikuwa na salio la namna yake: ni ulichokwisha kula na hujakilipa. Benki haipendi kuliita deni kwa jina lake mapema. Inafanya kama mchumba anayeficha ulevi mpaka arusi ipite.

Kadi aliipatia chuoni, kwenye meza iliyowekwa karibu na lango, vijana wenye fulana mpya wakigawa miavuli ya bure kwa kila atakayejaza fomu. Mvua zilikuwa zinakaribia na mwavuli ulikuwa mzuri, mkubwa, wa bluu. Ulining'inia sasa kwenye msumari nyuma ya mlango wa saluni, wateja wakiuazima na kuurudisha. Hakuna aliyejua kuwa ndio mwavuli ghali kuliko yote mtaa ule. Kwanza kadi ililipia pengo la ada. Kisha kompyuta, kwa kuwa kazi zilidaiwa kwa kompyuta. Kisha viatu, na chakula cha mchana, na zawadi ya rafiki ambaye naye alimnunulia yeye zawadi kwa kadi ya aina ileile. Kila mwezi aliambiwa kuna kiasi cha chini cha kulipa, akakilipa, akajiona mwaminifu. Kila mwezi salio likawa limenenepa.

*

Ndani ya wiki chache neno lile likawa msemo wa nyumba. Sukari ikiisha, shangazi anasema, "Tusigombane, tuna salio." Mteja akiomba kulipa siku nyingine, mama anapunga mkono, "Nenda mwanangu, sisi tuna salio." Na ujumbe ulipoingia tena mwezi uliofuata, mama akaudaka kabla ya mwenyewe.

"Limeongezeka," akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuliamsha. "Na hujaweka kitu, nimekuangalia. Linazaa lenyewe."

"Ndiyo riba hiyo," Mama Mitumba akaeleza, akijikuna kwa kidole kimoja. "Fedha ya benki ni kama sungura."

Siku ile Mhasibu alijikaza. Alimfuata mama uani, alipokuwa akiosha taulo, akachuchumaa upande wa pili wa beseni.

"Mama, lile salio."

"Najua, hutaki nilitangaze. Shangazi yako ndiye mwenye mdomo."

"Siyo hivyo. Salio lina pande mbili, mama. Linaweza kuwa la upande wa benki."

"Si ndiko liliko? Ningekuwa na wasiwasi kama lingekuwa chini ya godoro." Mama alikamua taulo, akalikung'uta, akamtazama kwa macho yaliyojaa maji ya furaha, maji ambayo Mhasibu hakuwahi kuyaona tangu baba aondoke. "Njoo nikuonyeshe kitu. Nilitaka ukione mwenyewe, lakini nimeshindwa kuvumilia."

Akampeleka ndani. Kwenye kona, penye kabati la zamani, palikuwa na mashine mpya ya kukaushia nywele, kofia yake kubwa inang'aa, nailoni bado haijavuliwa. Sasa zilikuwa tatu.

"Umepata wapi, mama?"

"Kodi ya nyumba," mama akanong'ona, akicheka kama msichana aliyetoroka shule. "Ile niliyomwekea mwenye nyumba. Nikasema, mwanangu ana milioni na zaidi imelala, mimi nakaa nawapanga wateja foleni kwa mashine mbili. Mwisho wa mwezi utachomoa kidogo, tutamlipa yule mzee, maisha yataendelea. Au nimekosea?"

Mhasibu aliigusa mashine. Ilikuwa baridi.

"Hujakosea, mama," akasema.

*

Walikwenda wote wawili kwenye duka la vifaa vya saluni, kununua nywele za bandia kwa jumla. Wenye duka walikuwa na mashine ya kadi, na mama alikuwa ameipigia hesabu tangu nyumbani.

"Leo hatutoi noti," alimwambia muuzaji. "Leo tunachanja."

Muuzaji, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliipokea kadi, akaipitisha, akasubiri. Mashine ikalia mara mbili kwa sauti fupi. Akaipitisha tena.

"Imekataa."

"Mashine yako mbovu," mama akasema, na akasema kwa sauti, maana nyuma yao palikuwa na foleni. "Kadi hii ina salio la kutosha kununua duka lako na wewe mwenyewe ndani yake."

Watu wakageuka. Mhasibu aliinamia mashine ya kadi.

"Ni mtandao, mama," akasema. "Mtandao umekatika."

"Mtandao," mama akamrudishia muuzaji, kwa ushindi. "Si nilikwambia?"

Muuzaji aliirudisha kadi kwa Mhasibu, siyo kwa mama. Aliishusha miwani, akamtazama kidogo, bila ubaya. "Pole," akasema. "Wanafunzi wengi mtandao wao umekatika mwezi huu."

Mama alilipa noti za mwisho zilizokuwa kwenye pindo la kanga. Njia nzima ya kurudi alilaumu mitambo ya siku hizi, na kila alipokutana na mtu anayemjua alisimama kumsimulia. Mhasibu alibeba mfuko. Nywele za bandia ni nyepesi, lakini alifika nyumbani kamba za mfuko zimemkata vidole.

*

Alikuwa uani akifua nguo simu yake ilipoita ndani. Mwanzoni hakuijali. Kisha akasikia sauti ya mwanamume, nene, yenye adabu, ikitoka kwenye spika na kujaza chumba. Mama alipenda spika, kwa kuwa aliona ni uchoyo kusikiliza habari peke yake.

"Nazungumza na nani, tafadhali?"

"Na mama yake. Wewe ni nani, baba?"

"Napiga kutoka benki, mama, kuhusu salio la binti yako. Sijui kama analizungumzia nyumbani."

"Halizungumzii, tunalizungumzia sisi."

Vicheko. Mhasibu aliinuka, povu likamchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Basi unalifahamu," sauti ikasema, na sasa ilikuwa na mshangao ndani yake. "Nafurahi kusikia hivyo. Wazazi wengi tukiwapigia hukana."

"Nikane cha mwanangu? Nina wazimu?"

"Mama, watu kama wewe ni wachache. Una shughuli yoyote, kama si siri?"

"Siri ya nini? Nina saluni. Nina mashine tatu, moja bado ina nailoni yake."

Mhasibu alifika mlangoni. Alinyoosha mkono aichukue simu, lakini mama alimkwepa kwa bega, huku akimkonyeza, kama wanavyofanya watu wanaocheza.

"Na mimi nina neno, baba, maadamu umepiga," mama akaendelea. Akashusha sauti, na wote wakajua anakokwenda. Mtaa mzima ulikijua kisa cha mke wa fundi viatu, aliyefiwa na mume akaacha akiba benki, na jina la mke halikuandikwa popote. Yule mama alizungushwa maofisini mpaka soli zikatoboka, na akiba ile mpaka leo iko huko. "Hilo salio limeandikwa mtu mmoja tu. Akipatwa na jambo, Mungu apishie mbali, itakuwaje?"

"Hilo ndilo linalotutia wasiwasi hata sisi, mama."

"Basi niandikeni na mimi."

Upande wa pili ilisikika karatasi ikigeuzwa.

"Mama," sauti ikasema polepole, "nipo karibu na huko kesho. Nikuletee karatasi?"

"Lete. Na chai utaikuta."

*

Alikuja mchana, kijana mwenye tai na viatu vilivyopigwa kiwi vikapata vumbi njiani. Hakuwa na sura ya ubaya. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka kufungiwa milango. Alisalimia kila mmoja, hata shangazi, ambaye hakuzoea kusalimiwa na wenye tai. Mwalimu alikuwa kitini tena, amerudi kurekebishwa nywele za mbele. Mama Mitumba alikuwa juu ya robota lake. Wengine wawili walikuwa wamejibanza kwenye benchi, na mtoto wa mtu alilala juu ya mapaja ya mtu mwingine.

Mhasibu hakwenda chuoni. Alikuwa amesimama kando ya pazia, akisubiri nafasi ya kumwita mama pembeni, na nafasi haikupatikana. Kila alipomshika mkono, mama alisema, "Subiri, mgeni bado hajaongezewa sukari."

Kijana alikunywa chai, akaisifu. Macho yake yalizunguka chumba kwa upole. Yakasimama juu ya mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwenye kioo kirefu, kwenye kabati. Akatabasamu alipouona mwavuli msumarini.

"Huo ni wetu," akasema.

"Ni wenu, tunauenzi," mama akajibu.

Akatoa karatasi. "Mama, ukisaini hapa unakuwa mdhamini wa salio la binti yako. Umenielewa?"

"Mdhamini," Mama Mitumba akarudia, akikunja uso. "Si maneno ya mikopo hayo?"

Shangazi hakugeuka kutoka dirishani. "Hata mpira una wadhamini. Wewe ungejulia wapi, umeshinda na mitumba."

Chumba kikaangua kicheko. Mama Mitumba naye akacheka, lakini uso wake haukukunjuka wote.

"Mdhamini ni yule anayesimama nyuma ya mwenzake, siyo?" mama akamuuliza kijana.

"Ndiye huyohuyo."

"Basi kalamu iko wapi? Mimi nimesimama nyuma ya huyu tangu anajifunza kutembea."

Kijana hakuitoa kalamu mara moja. Aliigeuzageuza vidoleni, akamtazama Mhasibu pale kando ya pazia. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Mhasibu alijua kwamba mlango ule unafunguliwa kwa ajili yake, na hautafunguliwa tena.

"Binti," akasema, "umemweleza mama kila kitu?"

Wote wakamgeukia. Mwalimu alimwangalia kupitia kioo. Mama alimwangalia pia, kidevu juu, kama siku ile matokeo ya mtihani yalipobandikwa ukutani naye akawasukuma watu ili aliguse jina la mwanawe kwa kidole. Mhasibu aliona mashine yenye nailoni. Alimwona mwenye nyumba, ambaye hakuwepo. Akaona jinsi chumba hiki kitakavyonyamaza.

"Ndiyo," akasema.

Kalamu ikatoka.

Mama aliandika jina lake kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, akaandika na namba yake ya simu. Kijana aliongeza orodha fupi chini yake huku akizitupia jicho mashine, akaipiga picha karatasi kwa simu na kuituma ofisini, akaikunja, akaiweka ndani ya mkoba, akasimama. Nje matone ya kwanza yalianza kugonga bati.

"Usilowe, baba," mama akasema. Akauchomoa mwavuli wa bluu msumarini na kumkabidhi. "Chukua. Si ni wa kwenu?"

"Nitaurudisha, mama. Nitapita tena."

"Karibu siku yoyote."

Waliusikiliza mwavuli ukifunguka mlangoni.

"Umeona mtoto mwenye adabu?" mama akasema, akikichukua kitana chake. "Benki wanajua kulea." Akaushika msuko wa mwisho wa Mwalimu na kuanza kuurekebisha, mikono ikienda yenyewe, mdomo ukipanga namna atakavyompigia simu mke wa fundi viatu kumweleza.

Ndipo simu yake mwenyewe, ile iliyopasuka, ikalia juu ya kabati. Mama aliitupia jicho, akaona jina la benki katikati ya nyufa.

"Wameshaniandika," akasema. "Wepesi kweli hawa. Mhasibu, nisomee, mimi mikono ina mafuta na kioo hiki hakisomeki. Soma kwa sauti, wasikie na wao."

Mhasibu aliishika. Kioo kilimkwaruza kidole gumba. Ujumbe ulikuwa mrefu, umegawanyika katika vipande kwa zile nyufa, lakini ulisomeka. Angeweza kuusoma nusu. Angeweza kusema mtandao. Aliinua macho, akakuta chumba kizima kinamngoja kwa tabasamu, akainama tena.

"Ndugu mdhamini," akasoma. "Salio la deni ulilolidhamini ni milioni mbili na elfu arobaini."

"La nini?" shangazi akauliza kutoka dirishani.

Mhasibu aliendelea, kwa kuwa angesimama asingeweza kuanza tena. "Malipo yamechelewa. Usipolipa ndani ya muda uliopangwa, benki itachukua mali za mdhamini zilizoorodheshwa, vikiwemo vifaa vya biashara. Asante kwa kuwa nasi."

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Wale wawili wa kwenye benchi walikumbuka kwamba wameacha vitu nje. Mtoto akaamshwa. Mama Mitumba alijifunga robota lake mgongoni, akasimama mbele ya mama, akakosa la kusema, yeye ambaye hakulikosa hata msibani, akatoka na kulowa. Shangazi aligeuka kutoka dirishani na kukaa akiutazama ukuta.

Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki, maana nywele zake zilikuwa mkononi mwa mama.

"Rudia," mama akasema. "Hapo penye salio."

"Mama."

"Rudia. Polepole, kama ulivyonisomea siku zote."

Akarudia. Mama alisikiliza huku ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Na jina langu nimeandika mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale."

Mama aliutazama msumari mtupu nyuma ya mlango, kisha mashine tatu, akaishia kwenye ile ya kona ambayo hakuwa ameivua nailoni. Kisha akachovya vidole kwenye mafuta, akagawa nywele za Mwalimu mafungu matatu na kuendelea kusuka.

"Unanivuta," Mwalimu akasema baada ya kitambo, kwa sauti ndogo, machozi yakimlenga.

"Najua," mama akasema, na hakulegeza.